Kutoa ukoko wa sabuni na chokaa kwenye mashine ya kunyolea ya wembe

Naongelea ile mashine ya chuma unayofungua kichwa ukaweka wembe ndani. Ule weupe unaogandia kwenye kichwa chake sio uchafu wa kawaida, ndo maana unasugua na sabuni ya kipande wiki nzima na hautoki. Maji magumu yana kalsiamu na magnesiamu, vikikutana na sabuni vinafanya utando unaonata usioyeyuka kwenye maji, afu matone yakikaukia hapohapo yanaacha chokaa juu yake. Kwa hiyo sabuni ya kipande inaongeza utando uleule. Dawa yake ni asidi kidogo, halafu sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.

Kwanza ziba tundu la sinki, kuna vipande vidogo. Toa wembe ukiushika kwa ncha zake fupi, usiguse makali, kisha fungua kila kinachofunguka. Zile zinazofunguka kama mabawa hazitoki vipande, hizo ziache wazi tu.

Hatua ya pili ndo watu wengi wanairuka na ndo ninayoisisitiza kuliko zote: jua mashine yako ni ya chuma gani. Ya stenlesi inavumilia. Nyingi lakini ni zinki iliyopakwa kromu juu, na asidi inakula zinki. Mimi niliwahi kuiacha ya kwangu kwenye siki tupu usiku kucha, asubuhi nikakuta vishimo vya kijivu pale ambapo kromu ilikuwa imechubuka, na hilo halina matengenezo, kromu ikishatoka imetoka. Kama hujui ni ya nini ichukulie kama ni zinki. Ya aluminiamu au iliyopakwa dhahabu usiiloweke kwenye asidi kabisa, itoshe sabuni ya vyombo na mswaki.

Haya, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua na mswaki laini wa zamani, mafuta na nywele zitoke ili asidi ifike kwenye chokaa. Suuza.

Sasa changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, tumbukiza vipande, na usiondoke. Dakika 5 zinatosha kuanza. Ukiona vipovu vidogo kwenye weupe ndo chokaa inayeyuka hiyo, ila vikianza kutoka mahali palipochubuka, toa mara moja. Kama hutaki harufu ya siki, kijiko cha chai cha asidi ya sitriki kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu kinafanya kazi ileile. Toa, sugua, na kama bado rudisha dakika nyingine 5, bora mara mbili fupi kuliko moja ndefu. Kwenye meno ya skrubu na vile vijitundu tumia kijiti cha meno.

Halafu rudia sabuni ya vyombo, usiishie kwenye siki. Asidi inavunja ule utando na kuacha mafuta, ukisuuza na maji peke yake yanabaki yanateleza hapo. Suuza sana, futa na kitambaa, kausha kila kipande kivyake kabla ya kufunga. Tone moja la mafuta ya mashine kwenye skrubu, inazunguka vizuri.

Usichanganye siki na bekingi soda, zinauana nguvu unabaki na maji ya chumvi tu. Blichi na siki ndo kabisa usithubutu, zinatoa gesi ya klorini, hiyo ni sumu. Usitumie stili waya, na ya zinki usiichemshe.

Ukikuta doa la kahawia chini ya wembe usiogope, mara nyingi ni kutu ya wembe wenyewe na linatoka kwa sabuni na mswaki. Ila wembe huo usiurudishe, weka mpya.