Kabla hujapaka rangi ya Gram

Rangi ya Gram hugawa bakteria makundi mawili: wote hupakwa zambarau, kisha huoshwa kwa asetoni, kimiminika cha kuondoa rangi. Gram chanya hubaki zambarau, Gram hasi huishia waridi.

Namba ya mgonjwa iandikwe kwenye slaidi kwa penseli, pale penye ukungu, kwa sababu asetoni hufuta wino. Vaa glavu. Sambaza sampuli iwe nyembamba. Ikirundikana, rangi haitoki hata uoshe vipi, na utasoma zambarau isiyokuwepo. Iache ikauke yenyewe, kisha ipitishe juu ya moto mara mbili tatu, basi. Usiikaange.

Jambo la pili, jua unachokipima. Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, alitangaza njia hii mwaka 1884 alipokuwa Berlin, akitafuta namna ya kuwaona bakteria ndani ya mapafu ya waliokufa kwa nimonia. Kinachopimwa hasa ni ukuta wa seli. Ukuta huo umefumwa kwa peptidoglikani: nyuzi za sukari za aina mbili zinazopokezana, zikafungwa pamoja kwa vipande vifupi vya amino asidi, kama wavu wa mvuvi. Gram chanya ana tabaka nyingi za wavu huo, unene wa nanomita 20 hadi 80, zikiwa zimepitiwa na asidi za teikoiki. Gram hasi ana wavu mwembamba wa nanomita chache tu, na juu yake amejifunika utando wa nje wenye lipopolisakaridi, yaani mafuta yaliyoungana na sukari. Asetoni hukausha ule ukuta mnene, matundu yakabana na zambarau ikanaswa ndani. Kwa Gram hasi huyeyusha utando wa nje, zambarau ikatoka, na safranini, rangi ya pili inayopakwa mwishoni, ikampa rangi ya waridi.

Kwa hiyo tofauti yote inategemea ukuta uliokamilika. Hilo nililisoma chuoni nikapasi mtihani, na bado nikakosea.

Nilikuwa kwenye mafunzo ya vitendo. Usaha wa kidonda cha mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji tuliuotesha Ijumaa, nami nikapaka rangi Jumatatu. Nikiwa nimeshamwaga asetoni, mtu akaniita dirishani kuuliza majibu yake. Nikamjibu, nikarudi, nikaosha. Kwenye hadubini nikaona vishada vya mviringo vya waridi. Nikaandika Gram hasi, na daktari akabadilisha dawa kwa kuniamini. Siku ya pili yake msimamizi wangu akapitia slaidi, akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, vishada kama zabibu vyenye waridi umevitoa wapi?” Tukaotesha upya, tukapaka asubuhi iliyofuata: zambarau iliyokolea, stafilokokasi, Gram chanya anayekaa kwa vishada. Yule mama alikuwa amekaa siku mbili na dawa isiyomfaa, na kidonda kilikuwa kimefumuka.

Bakteria wakizeeka kwenye sahani ya kuoteshea, kuta zao huchakaa na kuvuja, Gram chanya akaonekana hasi. Asetoni ikikaa zaidi ya sekunde chache, hata mzima hupoteza rangi. Mimi niliyafanya yote mawili kwa mkupuo. Kwa hiyo tumia waliooteshwa kwa saa 18 hadi 24. Ukishika asetoni usimwitikie mtu, hata awe mganga mkuu. Na kwenye slaidi hiyohiyo, pembeni, weka stafilokokasi na E. koli, ambaye ni Gram hasi, unaowajua; wa kwanza asipokuwa zambarau na wa pili waridi, usitoe majibu.

Uliza pia kama mgonjwa ameshaanza antibiotiki. Penisilini huzuia ule wavu usifungwe, kwa hiyo unaweza kukuta bakteria waliovimba na wenye rangi ya mashaka. Kifua kikuu usikitafute kwa Gram: ukuta wake una nta ya asidi za maikoliki, mpeleke kwenye Ziehl-Neelsen, njia nyingine ya kupaka rangi. Maikoplazma, bakteria mwingine, hana ukuta kabisa, kwa hiyo slaidi tupu haimaanishi mgonjwa hana kitu. Chupa ya asetoni ikae mbali na taa ya spiriti. Funga kifuniko. Na slaidi usiitupe mpaka mtu mwingine ameiangalia.