Ukiipenda ngoma ya zamani, mtafute aliyeiandika

Jamani hii nimeijua juzi tu. Ukikutana na soul au fanki ya zamani inayokukosha usikimbilie albamu nyingine za aliyeimba, kwenye app ya muziki bonyeza vile vidoti vitatu uangalie jina la mtunzi, halafu lisachi lenyewe. Mimi nilikuwa naikubali sana Strawberry Letter 23 ya Brothers Johnson ya 1977, kumbe mwenye wimbo ni Shuggie Otis, alishautoa 1971, nikamfuata nikaikuta albamu yake Inspiration Information ya 1974, dogo ana miaka 20 kapiga karibu vyombo vyote mwenyewe, na kwenye Aht Uh Mi Hed kuna mashine ya ngoma inagonga chini chini utadhani kitu cha jana. Ilipotoka haikuuza, watu wameishtukia baada ya lebo ya Luaka Bop kuirudisha sokoni 2001. Inafanya kazi kwa sababu kuna wakati mtunzi alishairekodi mwenyewe kabla ya hit. Inagoma kama mtunzi aliandikia wengine tu, mfano Rod Temperton aliyeandika Rock with You ya Michael Jackson, hapo fuata bendi aliyopigia, Heatwave.