Kupima joto la koili za transfoma kwa faiba

Geji ya joto la koili tuliyoizoea haigusi koili. Inapima mafuta ya juu, kisha inajazia makisio kutokana na mkondo wa CT (transfoma ndogo ya kupimia mkondo). Faiba, yaani uzi mwembamba unaopitisha mwanga, wenye sensa nchani, inapima kwenye koili yenyewe, na kwa kuwa ni kioo kisichopitisha umeme, inakaa ndani ya koili ya 132 kV bila shida.

1. Amua kabla ya kununua. Sensa huwekwa kiwandani koili inaposukwa, au transfoma inapofunguliwa kusukwa upya. Iandike kwenye mkataba. Tangi likishafungwa, umechelewa.

2. Tafuta penye moto zaidi. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Dai hesabu za joto kutoka kwa msanifu. Mara nyingi ni diski za juu (diski ni matabaka ya waya yanayounda koili): mafuta yanafika huko yakiwa yameshapata moto, na sumaku inayovuja mwishoni mwa koili inaongeza upotevu. Lakini si lazima iwe diski ya juu kabisa, kwa hiyo usikubali kubahatisha. Weka sensa mbilimbili, maana ikikatika ndani huifikii tena.

3. Pachika. Chonga mfereji kwenye kipande cha karatasi ngumu kinachotenganisha diski mbili, laza ncha ya sensa humo, kisha rudisha kipande mahali pake. Chagua faiba yenye ganda lililotobolewa, ili vakyumu itoe hewa na mafuta yaingie. Kiputo kikibaki humo kitaleta cheche ndogondogo za kula uhami. Funga kwa utepe wa pamba. Acha faiba ilegee kidogo, kwani koili husinyaa ikikaushwa na kubanwa.

4. Jaribu kila hatua. Baada ya kusuka, baada ya kukausha, na kabla ya kufunga tangi. Transfoma ikiwa imepoa, sensa zote zisome karibu sawa. Inayojitenga kwa nyuzi kadhaa, safisha kwanza kiungio chake kwa spiriti ya isopropili. Kila faiba iwe na lebo ya fezi, koili na namba ya diski.

5. Panga viwango. Kwa karatasi ya kawaida inayohami waya, mwongozo wa kimataifa wa IEC 60076-7 unahesabu uzee wa kawaida kwenye 98 °C penye moto zaidi. Kila nyuzi 6 juu yake, karatasi inazeeka mara mbili upesi. Kwa mzigo wa kawaida unaopanda na kushuka, kikomo ni 120 °C. Feni ziwake mapema kabla ya 98, kengele ilie kabla ya 120. Kuzima transfoma kusitegemee sensa moja: dai mbili zikubaliane.

6. Linganisha. Usiing'oe geji ya zamani. Mzigo ukiwa mkubwa na umetulia, faiba ya diski za juu ikisoma chini ya mafuta ya juu, usiiamini: kagua kiungio na lebo kabla ya kugusa mipangilio.