Kupanda vetiva kwenye mchanga wa Lamu

Nyuma ya nyumba yetu ya Shela, kila kusi ikivuma mchanga ulihamia mlangoni. Tulijaribu maua ya kila namna, yote yakaungua kwa upepo wa chumvi. Kilichokaa ni vetiva, na sasa inaingia mwaka wa sita. Ni nyasi ya kudumu, asili yake India. Hukua kwa mashungi, majani hufika mita moja na nusu, na ikipata jua la kutosha hutoa mashuke ya zambarau marefu kumshinda mtu. Mizizi yake hushuka wima mita tatu hata nne, kwa hiyo shungi hukaa pale pale ulipolipanda.

1. Ijue kwanza

Kwa mbali utadhani ni mchaichai. Sugua jani kati ya vidole: la mchaichai hunukia papo hapo, la vetiva hunuka ubichi wa majani tu. Harufu yake imejificha mizizini, kama udongo uliopata mvua ya kwanza. Mafuta ya mizizi hiyo ndiyo yanayotiwa kwenye manukato ya ng'ambo. Omba ile aina ya bustani ambayo mbegu zake hazioti, maana hiyo haitageuka gugu.

2. Ngoja masika

Lamu mvua kubwa ni ya Mei. Tayarisha mahali mwishoni mwa Aprili, upande mvua zikianza kutulia ardhini. Vuli ya huku haitegemeki. Mara ya kwanza nilipanda Januari, kaskazi imekaza, kwa kuwa miche ilikuwa imeshafika na sikuwa na subira. Nilimwagilia asubuhi na jioni; katika vishina ishirini vilipona vitatu.

3. Kugawanya shungi

Hapa ndipo kazi ilipo, usifanye haraka. Kata majani yabaki shibiri moja, kisha ng'oa shungi kwa sululu. Likung'ute mchanga, ulilaze ubavu juu ya gunia na utazame kitako chake. Utaona vishina vyeupe vimebanana kama vidole vya mkono uliofumbwa. Usivivute kwa mikono. Vitakatikia pale vinapoungana na mizizi, na hapo ndipo penye macho ya kuchipua. Pitisha panga kali katikati, upate nusu, kisha robo, halafu malizia kwa kisu utoe vipande vya vishina viwili au vitatu.

Kila kipande kiwe na kitako kigumu na mizizi kidogo. Mizizi mirefu ipunguze ibaki urefu wa kidole. Kitako cheusi kinachobonyea kimeoza, kitupe. Kishina kilichokwisha kutoa shuke kiache pia, hakina maisha marefu.

Sasa koroga ndani ya ndoo samadi iliyooza, udongo wa mfinyanzi ukiwa nao, na maji, mpaka upate uji mzito. Chovya mizizi humo. Samadi ya punda hatuikosi Lamu, ila iwe imekaa miezi kadhaa, maana mbichi huunguza. Funika vipande kwa gunia lililolowa, kivulini, na uvipande siku hiyo hiyo.

4. Kupanda

Chagua mahali pa jua la kutwa. Chini ya mwembe au mwarobaini vetiva hukonda. Ukitaka ua wa kuzuia mchanga, acha sentimita 15 kati ya shina na shina. Kwa mapambo acha mita moja, kila shungi lipate kujimwaga kama chemchemi. Kwenye mchanga mtupu changanya samadi shimoni. Kitako kikae vidole viwili chini ya ardhi. Shindilia kwa kisigino, kisha vuta jani moja: likikatika na kishina kisitikisike, umeshindilia vya kutosha.

5. Miezi mitatu ya kwanza

Mvua ikikatika, mwagilia kila siku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Kwa miche tumia maji matamu. Ikishashika, hata kisima chenye chumvi kidogo itakivumilia.

Adui mkubwa ni punda. Majani machanga huyapenda mno, na punda mmoja aliyefunguliwa usiku anaweza kumaliza safu nzima. Zungushia makuti au matawi ya miiba mpaka majani yakomae. Yakishakuwa magumu hawayataki sana.

6. Kupunguza

Mara mbili kwa mwaka kata majani hadi chini kidogo ya goti. Majani makavu yakiachwa katikati ya shungi huvuta mchwa. Vaa glovu, kingo zake hukata ngozi. Uliyokata yatandaze chini ya mimea mingine yahifadhi unyevu.

7. Mizizi

Baada ya mwaka wa pili, ukigawanya shungi kuukuu, mizizi unayopunguza usiitupe. Ioshe mpaka maji yawe meupe, ianike kivulini siku tatu nne, uifunge kwa uzi na kuiweka katikati ya kanga sandukuni. Mama yangu, mtu wa udi na asumini tangu usichana wake, sasa huanza kuniuliza mapema masika yakikaribia ni shungi lipi litang'olewa mwaka huu.