Redio ya memori kadi ikigoma, anza na kadi

Redio ndogo za memori kadi na flashi, zile zinazosomesha Qur'ani alfajiri na kupiga taarabu jioni katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, nyingi hutupwa hali ya kuwa ni nzima. Kosa huwa kwenye kadi, na kadi ndiyo kitu cha mwisho watu kukishuku. Kabla hujashika bisibisi, iwashe uiweke kwenye FM. Ikishika stesheni na sauti ikatoka safi, betri, spika na amplifaya vyote ni salama, basi shughulika na kadi. Ikiwaka taa lakini iko kimya hata kwenye FM, ubovu uko upande wa sauti. Isipowaka kabisa, tafuta kwenye umeme.

Itoe kadi utazame vile vibati vyake vya rangi ya dhahabu. Huku kwetu hewa ya bahari hubeba chumvi, na unyevu wa masika huifanya igande. Visugue taratibu kwa raba ya penseli, upulize vumbi, urudishe kadi. Isiposomwa, itie kwenye kompyuta uangalie imefomatiwa vipi. FAT32 na exFAT ni mifumo ya kupanga faili kwenye kadi. Redio hizi nyingi husoma FAT32 tu, na kadi za zaidi ya GB 32 hutoka kiwandani zikiwa exFAT. Ndiyo maana kadi mpya ya GB 64 hukataliwa na redio wakati simu inaisoma bila taabu. Ukitaka kuifomati iwe FAT32, hamisha kwanza vilivyomo, kwani kufomati hufuta kila kitu. Kwa redio ya aina hii nunua GB 32 au chini yake. Faili la MP3 la kbps 128 hula takriban MB 1 kwa dakika, kwa hiyo kadi hiyo hubeba zaidi ya saa 500.

Faili moja moja zikirukwa, tazama aina yake. Sauti iliyorekodiwa kwa simu mara nyingi ni M4A, na redio ya bei nafuu haiijui. Igeuze iwe MP3. Kubadilisha herufi za mwisho za jina hakugeuzi kitu. Na ikiwa faili ulizotia mwisho ndizo zinazokwama, shuku kadi ya bandia, iliyoandikwa ukubwa isiokuwa nao. Programu ya kompyuta iitwayo H2testw huijaza kadi yote na kuonyesha ukubwa wake wa kweli.

Linalowasumbua wengi zaidi ni sura kusomwa shaghalabaghala. Redio nyingi hazifuati majina, hufuata mpangilio ambao faili ziliandikwa kwenye kadi. Zipe namba zenye tarakimu tatu, 001 mpaka 114, fomati kadi, kisha nakili kuanzia ya kwanza kwa zamu. Ukizitia zote kwa mkupuo, kompyuta inaweza kuzichanganya. Afadhali utie kumi kumi. Ukisahau sura moja ukaitia baadaye, itasomwa mwisho hata kama namba yake ni 002.

Redio iliyo kimya hata kwenye FM, anza na tundu la hedifoni. Ndani yake mna swichi ndogo inayokata spika pini inapoingia, na ikishika chumvi hubaki imekata. Ingiza na kutoa pini mara 20. Ikikataa, fungua redio, legeza waya mmoja wa spika, upime spika kwa mita ya umeme iliyowekwa kwenye omu, kipimo cha ukinzani. Spika ya omu 4 husoma kama 3.5 hivi, mita isiposoma kitu, koili imekatika. Weka nyingine yenye omu zilezile, maana ya omu chache zaidi huichosha amplifaya.

Upande wa umeme, nyingi hutumia betri bapa ya BL-5C ya volti 3.7. Ikijaa husoma 4.2, ikiwa chini ya 3.0 na haipandi baada ya saa nzima ya kuchajiwa, pima volti 5 kwenye tundu la chaja. Zipo tunduni lakini hazifiki ndani? Mara nyingi miguu ya tundu imeachia risasi ya kulehemu kwa kuchezeshwa waya. Kutu ya kijani kwenye vibati vya betri isugue kwa mswaki laini na spiriti, uache ikauke. Betri iliyovimba usiitoboe wala usiichaji tena.

Ikianguka baharini, toa betri papo hapo na usiwashe kujaribu. Maji yenyewe yatakauka, lakini chumvi itabaki ikila shaba. Fungua, suuza bodi kwa maji ya mvua, kwani visima vingi vya pwani vina chumvi vilevile. Malizia kwa spiriti, kisha ianike kivulini penye upepo kwa siku mbili. Kuizika ndani ya mchele hakuondoi chumvi hata chembe, na unga wake huingia kwenye matundu. Spika ya karatasi iliyolowa kabisa mara nyingi haifai tena, lakini bodi iliyosuuzwa ndani ya saa ya kwanza ina matumaini makubwa.