Kuchonga Chumba kwa Toni Moja

Ukiingia ukumbi mtupu, usiharakie begi la nyaya. Piga makofi: pembeni, katikati, chini ya ngazi, na usikilize kuta zinakujibu nini. Mimi huzunguka hivyo nusu saa nzima, kwa sababu mimi huchonga sanamu za sauti, na malighafi yangu ni chumba chenyewe. Spika inakiamsha tu.

Kisha pima umbali wa kuta mbili zinazotazamana. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde kwenye joto la nyuzi 20. Zidisha umbali wako kwa 2, halafu gawanya 343 kwa jibu hilo. Kuta zilizoachana mita 5 zinakupa toni ya hezi 34.3, yaani mitetemo 34.3 kwa sekunde. Spika ndogo haifiki huko, kwa hiyo zidisha hezi hizo mara 3 upate kama 103. Iweke spika konani kabisa, kisha cheza toni hiyo moja, tupu, kwa sauti ya wastani.

Sasa tembea taratibu kutoka ukuta hadi ukuta. Ukutani sauti imejaa. Sentimita 83 hivi mbele yake inazama, inapanda tena, na ukifika katikati inazama mara ya pili. Siku ya kwanza nilipofika hapo katikati nilidhani spika imezimika. Nikainamisha kichwa kando kidogo ili nisikilize vizuri, na toni ikarudi sikioni. Nikasimama wima, ikapotea. Tangu siku hiyo naamini sauti ina kingo, na kingo hizo ndizo ninazochonga. Tia alama ya chaki kila inapozama, na hesabu ikipingana na sikio, fuata sikio.

Chumba kikiwa na umbo la ajabu, kiache kijichagulie toni. Mtunzi wa muziki wa Marekani, Alvin Lucier, alifanya hivyo mwaka 1969: rekodi maneno yako, yacheze chumbani, rekodi unachosikia, rudia. Maneno yatayeyuka, zibaki toni ambazo chumba kinazipenda.

Viti siviweki, maana aliyeketi anasikia kipande kimoja tu cha sanamu. Watu watembee. Mimi husimama pale katikati toni inapozama, mdomo umefumbwa, nikivuma juu kidogo ya toni. Nikivuma 105 dhidi ya 103, hewa inapiga mara 2 kwa sekunde. Nikishusha koo pole pole, mapigo yanalegea hadi yanatulia. Wengine hushika kifua wakidhani yanatoka kwao.

Watu wakijaa, sikiliza upya. Joto likipanda hadi nyuzi 30, kasi ya sauti hukaribia mita 349, na 103 yako sasa inataka kuwa karibu 105. Mara nyingi msanii hulaumu spika kumbe ni hewa, kwa hiyo kaa karibu na kitufe, upandishe toni kidogo kidogo mpaka chumba kijae tena.

Alama za chaki zifute kabla ya milango kufunguliwa. Watu wakiziona watafuata chaki, waache masikio.