Namna ya Kusoma Maisha na Kazi za Shaaban Robert kwa Pamoja

Msomaji anayetaka kumwelewa Shaaban Robert hana budi kuanza na kalenda kabla ya kufungua riwaya yoyote. Vitabu vyake havikutoka kwa utaratibu ambao aliviandika: vingine vilichapishwa akiwa bado karani katika serikali ya kikoloni, na vingine vilikaa miaka mingi katika miswada hata vikatoka baada ya kifo chake, nchi ikiwa imekwisha kujitawala. Anayevisoma kwa kufuata mwaka wa toleo peke yake humbebesha mwandishi huyu mawazo ya zama ambazo karibu hakuziona.

Chukua karatasi uigawe safu tatu. Katika safu ya kwanza andika mambo ya nchi, katika ya pili kazi alizoajiriwa, na katika ya tatu maandishi yake, ukiweka miaka miwili kwa kila kitabu kila inapojulikana: mwaka wa kuandikwa na mwaka wa kuchapishwa. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, Machui, karibu na Tanga, wakati Wajerumani wakitawala. Alikuwa mtoto mdogo Waingereza walipouteka mji wa Tanga mwaka 1916, na masomo yake ya Dar es Salaam, kati ya 1922 na 1926, aliyapata chini ya watawala hao wapya. Mwaka 1926 aliingia kazi ya ukarani wa forodha, akaanzia Pangani, na akaishi katika utumishi huo hadi 1944, alipohamishiwa Mpwapwa. Kuanzia 1946 alikuwa Tanga tena, kwanza katika ofisi ya wilaya, kisha katika ofisi ya upimaji wa ardhi hadi 1960. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, naye akafariki Juni 1962. Ukishayapanga hayo utaona kwamba mtu huyu aliishi karibu umri wake wote chini ya bendera za wageni, na kwamba aliandika baada ya saa za kazi, huku mshahara wake ukitoka kwa serikali ile ile ambayo hakuweza kuisema waziwazi.

Faida ya safu ya tatu utaiona mara moja ukifika kwenye Utenzi wa Vita vya Uhuru. Ulichapishwa mwaka 1967, na jina lake linamfanya mtu adhani kwamba unahusu mapambano ya kudai uhuru wa Afrika. Sivyo. Utenzi huo, ambao ni mrefu sana, unasimulia Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945, na uhuru unaotajwa ni ule uliosemekana kupiganiwa dhidi ya Hitler na wenzake. Jiulize hapo karani wa Kiafrika alisikia nini kila lilipotajwa neno uhuru katika habari za vita zilizotoka kwa watawala wake. Swali hilo ndilo lenye mavuno, na hulipati bila kujua miaka. Kadhalika riwaya yake ya Kufikirika, iliyochapishwa mwaka 1967, iliandikwa mwaka 1946, yaani kabla riwaya yake nyingine, Kusadikika, haijatoka. Anayetaka kufuata jinsi fikra za mwandishi zilivyokua hana budi kukumbuka hilo.

Baada ya kalenda, soma Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1949, na sehemu zote mbili ziliunganishwa katika kitabu kimoja mwaka 1966. Kisome polepole, kwa kuwa ni kitabu cha mtu mwenye adabu ya kunyamaza. Ndani yake kuna ndoa, msiba, uhamisho wa kazi na malezi, na humo pia zimo tenzi mbili za nasaha alizowatungia watoto wake, Utenzi wa Adili kwa mwana wa kiume na Utenzi wa Hati kwa binti. Usitafute humo hotuba za siasa. Weka alama pembeni mwa ukurasa kila anapogusia kazi, cheo au haki ya mtu, kisha rudi kwenye alama hizo ukimaliza riwaya zake.

Sasa ingia katika Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951 na kampuni ya Nelson ya London. Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie kuliko mahali pengine pote. Nchi ya Kusadikika inaning'inia hewani. Karama ameshtakiwa, mshtaki ni waziri aitwaye Majivuno, na kosa lenyewe ni kutaka kuingiza elimu ya uanasheria nchini. Katika kujitetea Karama anaeleza habari za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine, waliotumwa nje kutafuta yenye manufaa kwa nchi na ambao malipo yao yalikuwa kifungo. Watu wengi hutangaza upesi kwamba Kusadikika ni Tanganyika na Majivuno ni mkoloni, wakafunga kitabu. Tafsiri hiyo ina nguvu, lakini ikisimama peke yake inakipunguza kitabu, maana mfalme na mawaziri wale ni wa nchi yenyewe, si wageni waliotoka ng'ambo.

Njia bora ni kusoma ukiwa na maswali matatu: nani anaruhusiwa kusema, sheria inamlinda nani, na mwenye habari mpya anapokewaje? Ukiwa na maswali hayo, shtaka la Karama linapata uzito wa ajabu unapokumbuka kwamba katika mahakama za wenyeji za Tanganyika ya wakati ule mawakili hawakuruhusiwa. Mshtakiwa alisimama peke yake. Mwandishi alimpa Karama nafasi ya kusema mpaka mwisho, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ujasiri wa kitabu hiki.

Adili na Nduguze, ya mwaka 1952, unaweza kuisoma kwa haraka zaidi, mradi ukumbuke kwamba chimbuko lake ni kisa cha Alfu Lela Ulela, nawe utazame alichobadilisha. Utubora Mkulima, iliyotoka mwaka 1968, ilinganishe na safu yako ya pili: mhusika anaacha kazi ya mjini na kwenda kulima, na aliyemwandika alitumikia ofisi kwa zaidi ya miaka thelathini. Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyefariki mwaka 1950, usiuache kamwe, kwani unaonyesha ni maisha ya namna gani aliyoyaona yanastahili kuandikwa.

Mashairi yasomwe kwa sauti, na mizani ihesabiwe. Chukua mshororo wa kwanza wa shairi alilomwombolezea mkewe: "Amina umejitenga, kufa umetangulia". Kila kipande kina mizani minane, na kituo cha katikati kinaangukia pale pale ambapo mfiwa anavuta pumzi kabla ya kulitamka neno "kufa". Kanuni hizo za utungaji zilikuwepo pwani kabla ya Wajerumani na Waingereza, naye alizitumia kwa ustadi katika Kiswahili sanifu, ambacho kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilikuwa ikikisimamia tangu 1930 na ambayo yeye mwenyewe alikuja kuwa mjumbe wake.

Mwisho, unapoandika makala au insha, taja toleo ulilotumia, kwa kuwa matoleo mapya ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam hayalingani kwa kurasa na yale ya zamani, na kila unapotaja kitabu kilichotoka baada ya 1962, eleza waziwazi kwamba mwandishi hakuwahi kukiona kikiwa kimechapishwa.